Rashidi Mfaume Kawawa na Chimbuko la Filamu ya Kiswahili Tanganyika

Historia ya sinema duniani kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata majina ya waongozaji. Ufaransa ina ndugu wawili wa Lumière na Georges Méliès. Marekani ina D. W. Griffith, Senegal ina Ousmane Sembène, aliyetoa Borom Sarret mwaka 1963 na kuhesabiwa tangu hapo kuwa baba wa filamu ya Afrika. Mwongozaji huchukuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, kama vile mtunzi anavyochukuliwa kuwa mwenye riwaya. Anayetaka kuiandika historia ya filamu ya Kiswahili kwa utaratibu huo hukwama mapema. Filamu za hadithi zilizotengenezwa Tanganyika kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa kazi ya kampuni ya kigeni iliyokuja kwa mapatano na serikali ya kikoloni, ikaondoka mapatano yalipokwisha. Majina ya waliosimama nyuma ya kamera hayakuingia katika kumbukumbu za watazamaji. Lililoingia ni jina la mtu aliyesimama mbele yake: Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Songea, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Maandishi mengi yanayomhusu Kawawa huitaja miaka yake ya filamu kwa sentensi moja, aghalabu kama jambo la kuchekesha kidogo katika maisha ya kiongozi mkali wa chama na serikali. Mtazamo huo hautoshi. Ni kweli kwamba miaka hiyo ilikuwa michache. Hata hivyo, ndani yake alikutana na masuala yaliyokuja kuandamana naye hadi mwisho wa utumishi wake: Kiswahili mbele ya umma usio wa kabila moja, serikali inayojipa jukumu la kumfundisha raia namna ya kuishi, na hatima ya mtu wa shamba anayeingia mjini. Suala hili la mwisho ndilo zito zaidi, kwani Kawawa alilishughulikia mara mbili, kwanza kama mwigizaji na kisha kama mtawala.

Songea na Liwale

Kawawa alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 katika Wilaya ya Songea. Miaka ishirini tu ilikuwa imepita tangu Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, Februari 1906, katika kuzima Vita vya Maji Maji. Njaa iliyofuata vita hivyo ilipunguza watu na kuacha mapori makubwa yaliyorudiwa na wanyama. Katika mapori hayo, yaliyotandaa kutoka Songea hadi Liwale, baba yake Kawawa aliishi kwa kazi ya kuwinda tembo. Mtoto alianza masomo Liwale, akaendelea Dar es Salaam, kisha akapelekwa shule ya serikali ya Tabora, ambako Julius Nyerere alikuwa amepita kabla yake.

Ili kuelewa uzito wa filamu alizokuja kuigiza, inafaa kukumbuka Songea ilikuwa nini katika uchumi wa kikoloni. Reli haikufika huko. Tumbaku ya Wangoni na kahawa ya Wamatengo, iliyouzwa kupitia chama cha ushirika kilichojulikana kama NGOMAT, haikuweza kuwapa fedha za kodi na za nguo wote waliozihitaji. Kwa hiyo wilaya hii ikawa shina la manamba. Vijana walisafiri, wa kwanza wao kwa miguu na wa baadaye kwa malori ya SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya katani iliyoandikisha vibarua, wakaenda kukata katani Tanga, Korogwe na Morogoro kwa mkataba wa miezi kadhaa. Wengine hawakurudi. P. H. Gulliver, mtaalamu wa elimujamii aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alilifanyia uchunguzi suala hilo miongoni mwa Wangoni na Wandendeule na kutoa matokeo yake mwaka 1955. Kwa mtu wa Songea basi, hadithi ya kijana anayeacha shamba na kwenda kutafuta fedha ugenini haikuwa ngano. Ilikuwa habari ya kila nyumba.

Kawawa mwenyewe aliondoka kwa njia ya shule, si ya mkataba wa katani, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini hata yeye hakusalimika na uzito wa nyumbani. Alipomaliza Tabora angeweza kwenda Chuo cha Makerere; aliacha nafasi hiyo ili afanye kazi na kuwasomesha wadogo zake. Alianza kama karani katika idara ya serikali iliyoshughulikia ujenzi na barabara, na mwaka 1951 akahamia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Kazi ya idara hii ilikuwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, kusimamia vituo vya burudani mijini, na kueneza mawaidha ya afya, kilimo na malezi. Kwa kazi ya namna hiyo sinema ilionekana kuwa chombo cha thamani.

Sinema ya serikali

Tanganyika ilikuwa na historia yake katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, Vugiri katika milima ya Usambara palikuwa makao ya mradi wa majaribio wa filamu za elimu kwa Waafrika, uliogharimiwa hasa na Shirika la Carnegie la Marekani na kusimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni. Mkuu wake kazini, Meja L. A. Notcutt, alikuwa amewahi kusimamia mashamba ya katani, na wazo la kutumia sinema lilimjia huko huko mashambani: kibarua mwenye burudani jioni angetulia zaidi kambini. Mradi ulitengeneza filamu 35, ukazitembeza katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati pamoja na maelezo ya sauti katika Kiswahili na lugha nyingine. Moja ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini zinaibwa, mwingine anaziweka posta zinasalimika. Tatu kati ya filamu za Vugiri zimehifadhiwa London, mojawapo ikihusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro.

Hivyo, kibarua wa Songea alikuwa mtazamaji aliyekusudiwa hata kabla ya Kawawa kumaliza shule ya msingi. Hilo halitajwi mara kwa mara. Filamu ya Kiswahili haikuzaliwa katika jumba la sinema la mjini, ilizaliwa karibu na kambi ya manamba.

Vita Kuu ya Pili ilileta kitengo cha filamu cha makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers. Sellers na wenzake walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida: picha ziende polepole, kamera isihamehame, hadithi iwe moja na nyepesi. Nadharia hii haikuwa na ushahidi wa kutosha. Watazamaji wa Dar es Salaam na Zanzibar, waliokuwa wakilipa fedha zao kuona filamu za Kihindi na za wachunga ng'ombe wa Marekani, walikuwa wameikanusha kwa miguu yao. Lakini ilidumu ofisini kwa muda mrefu, nayo ndiyo iliyoamua umbo la filamu nyingi za serikali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu njia nyingine. Iliafikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, zenye waigizaji Waafrika, ambazo zingefurahisha na kufundisha kwa pamoja. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1915 na tajiri I. W. Schlesinger, ndiyo iliyotoa De Voortrekkers mwaka 1916, filamu ya kuwatukuza Makaburu na ushindi wao dhidi ya Wazulu wa Dingane. Kuna kejeli ya historia hapa isiyopaswa kupita bila kuonwa: Wangoni, ambao nchi yao ndiyo iliyomzaa Kawawa, ni uzao wa watu waliotoka kusini wakati wa misukosuko ya enzi za Shaka, ndugu na mtangulizi wa Dingane huyo huyo.

Miongoni mwa filamu zilizotokana na mapatano hayo ni Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na Wageni Wema. Kawawa ndiye aliyekuwa nyota wake. Inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu, ambamo alikuwa mhusika mkuu. Kisa chake ni cha mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kukutana na ulaghai wa mji. Ni mchezo wa kuchekesha wenye onyo ndani yake, na onyo lenyewe liko wazi tangu katika jina: mjini kuna chakula kinachopendeza machoni na kuumiza tumboni.

Kwa upande wa maudhui, filamu kama hiyo iliwafaa sana watawala. Baada ya vita Dar es Salaam ilikuwa ikijaa watu kwa kasi, nyumba na kazi hazikutosha, na ofisi za serikali zilikuwa zikiwatazama wahamiaji kama tatizo la usalama. Hadithi inayomcheka mshamba na kumwogofya ilikuwa nafuu kuliko polisi. Mhakiki anayeishia hapo, hata hivyo, atakuwa amesoma barua ya aliyeagiza filamu na kumsahau aliyeitazama. Mhusika mjinga anayelaghaiwa ni mtu wa zamani katika fasihi simulizi ya Kiswahili; hadhira humcheka huku ikijua kwamba nusu ya kicheko inaiangukia yenyewe. Zaidi ya hayo, mtazamaji wa mwaka 1953 aliona kitu ambacho filamu za Kihindi na za Kimarekani hazikumpa: mitaa anayoijua, watu wanaovaa kama yeye, na lugha yake mwenyewe ikitoka katika mdomo wa mtu anayefanana naye. Mafunzo ya serikali yalipitia humo, lakini yalisafiri pamoja na abiria mwingine.

Abiria huyo ni lugha. Ushahidi mwingi uliopo kuhusu Kiswahili cha miaka hiyo ni wa maandishi: kurasa za Mambo Leo, vitabu vilivyopitishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na kazi za Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa mtumishi wa serikali. Filamu, pamoja na kituo cha redio kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1951, viliipeleka lugha ya mazungumzo mbali na mwambao, kwa watu wasiosoma. Kampuni ya Johannesburg ilileta kamera, taa na ufundi. Kiswahili haikuweza kukileta. Katika eneo hilo mwigizaji hakuwa chombo cha mwongozaji. Yeye ndiye aliyekuwa mjuzi, na mgeni ndiye aliyemtegemea. Kwa sababu hiyo si kosa kubwa kwa kumbukumbu ya watazamaji kumpa Kawawa nafasi ambayo katika nchi nyingine hupewa mwongozaji.

Kutoka katika filamu hadi chama cha wafanyakazi

Majaribio hayo hayakudumu. Kawawa alirudi katika kazi nyingine za idara yake. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, alipelekwa Urambo, penye mabaki ya mpango ulioshindwa wa karanga, kufanya kazi ya ustawi miongoni mwa Wakikuyu waliokuwa wamewekwa huko. Wakati huo huo alikuwa akipanda ngazi katika chama cha Waafrika watumishi wa serikali, TAGSA, hadi akawa rais wake. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwazuia watumishi Waafrika kujiingiza katika siasa. Njia iliyobaki wazi kwao ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi. Mwezi Oktoba 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na Kawawa akachaguliwa kuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali.

Wengine waliopita njia inayokaribiana na hiyo husaidia kuona upekee wake. Ronald Reagan alikuwa mwigizaji, kisha kiongozi wa chama cha waigizaji, kisha mwanasiasa. M. G. Ramachandran wa Tamil Nadu aliingia madarakani mwaka 1977 akibebwa na umaarufu wa filamu zake. Kawawa hakubebwa na filamu kwa kiasi hicho. Alizoigiza zilikuwa chache mno. Mfano unaofaa zaidi ni Sembène, lakini kwa kinyume. Sembène alianza kuli bandarini Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, akaishia nyuma ya kamera kwa kuamini kwamba kitabu hakiwafikii wasiosoma. Kawawa alianza mbele ya kamera, akaishia jukwaani mbele ya makuli na vibarua. Wote wawili walikuwa wakiitafuta hadhira ile ile.

Aliyezunguka akijenga vyama vya wafanyakazi alikuwa mtu ambaye sura yake haikuwa ngeni kwa watu wa mijini. Faida ya jambo hilo haipimiki kwa takwimu, lakini haifai kupuuzwa katika nchi yenye makabila zaidi ya mia, ambayo viongozi wengi walijulikana kwanza katika wilaya zao. Katika miaka yake TFL ilipambana katika mgomo wa watumishi wa hoteli na wa majumbani wa Desemba 1956, na katika mgomo wa shamba la katani la Mazinde wa mwaka 1958, uliochukua zaidi ya miezi miwili. Mazinde iko katika bonde chini ya Usambara, jirani na milima ilikotengenezwa filamu za Notcutt za kumtuliza kibarua. Wakataji katani hawakutulia.

Kuhusu madaraka aliyoshika baada ya hapo, orodha yenyewe inatosha, kwani inafahamika: mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1957, waziri mwaka 1960, Waziri Mkuu kuanzia Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu ili kuimarisha TANU, Makamu wa Rais baada ya Tanganyika kuwa jamhuri Desemba mwaka huo, Makamu wa Pili wa Rais baada ya Muungano wa 1964, na tena Waziri Mkuu tangu 1972 hadi 1977. Jambo moja tu linahitaji kusemwa bila kulainishwa. Ni katika uwaziri mkuu wake wa 1962 ambapo zilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi na sheria iliyobana haki ya kugoma. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL yenyewe ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na NUTA, chama kimoja kilichofungamana na serikali. Mjenzi alishiriki kuibomoa nyumba yake, kwa hoja kwamba familia sasa ilikuwa na nyumba kubwa zaidi. Si wafanyakazi wote waliokubali hoja hiyo.

Lugha ya serikali

Mapema Januari 1967, wiki chache kabla ya Azimio la Arusha, Kawawa akiwa Makamu wa Pili wa Rais alitangaza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na kwamba matumizi ya Kiingereza pasipo lazima yakome. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA.

Wanaisimu wameichambua amri hiyo kwa upande wa sera, na hasa kwa upungufu wake: mahakama za juu na elimu ya sekondari zilibaki katika Kiingereza, na istilahi zilikimbizana na mahitaji bila kuyafikia. Upungufu huo ni wa kweli. Lakini ni vema pia kuuliza kwa nini tamko lilitoka kwa mtu huyu. Nyerere alikuwa mwandishi na mfasiri. Alikijua Kiswahili kama lugha ya fasihi na ya hoja. Uzoefu wa Kawawa ulikuwa tofauti. Alikuwa amekitumia kufundisha watu wazima herufi, kuigiza, kusuluhisha migogoro ya vibarua na kuhutubia migomo. Katika kazi zote hizo Kiingereza kilikuwa lugha ya faili lililobaki ofisini, na Kiswahili lugha ya kazi yenyewe. Kwa mtu mwenye maisha hayo, kuiambia ofisi iandike katika lugha ambayo tayari inatumiwa nje ya mlango wake halikuwa jambo la kinadharia. Makarani walihangaika kutafuta maneno ya barua zao, na kamati za istilahi zikapata kazi ya miaka mingi.

Muhogo Mchungu na Fimbo ya Mnyonge

Serikali huru haikuiacha sinema. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikatolewa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya hadithi iliyo mashuhuri kuliko nyingine za kipindi hicho. Shujaa wake, Yombayomba, ni mwanakijiji maskini anayekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, anakosa kazi, kisha anakutana na kijiji cha ujamaa na kuipata humo njia ya kujikomboa.

Filamu hizi mbili zimetenganishwa na takriban miaka ishirini, uhuru na Azimio la Arusha, na haki inadai tofauti zake zitajwe kwanza. Mshamba wa ukoloni anachekwa. Yombayomba anaonewa huruma na kuheshimiwa. Katika Muhogo Mchungu mkosaji ni tapeli na ujinga wa mtapeliwa, ilhali katika Fimbo ya Mnyonge mkosaji ni mfumo wa unyonyaji. Filamu ya pili inatoa tumaini la pamoja, si tahadhari ya mtu mmoja mmoja. Hata hivyo mifupa ya hadithi ni ile ile. Mtu anatoka shamba, mji unamtapika, na funzo ni kwamba mahali pake ni kwenye ardhi. Anayelitoa funzo hilo ni serikali, na anayepewa ni yule yule.

Na wakati Fimbo ya Mnyonge inatoka, Waziri Mkuu alikuwa Kawawa. Novemba 1973 kuishi vijijini kulikuwa kumetangazwa kuwa lazima, na ofisi yake ilikuwa na sehemu kubwa katika kusimamia operesheni zilizohamisha mamilioni ya watu hadi mwaka 1976. Mwaka huo huo wa 1976 ilifanyika operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi, ambayo iliwakamata watu wasio na ajira rasmi Dar es Salaam na kuwapeleka vijijini. Yule mhusika ambaye Kawawa alikuwa amemvalia nguo na kumpa sauti sasa alikuwa akipandishwa lori.

Itakuwa ni kurahisisha mno kusema kwamba filamu ilizaa sera. Woga wa mji uliojaa watu wasio na kazi uliwakumba watawala wa Kiafrika na wa Kizungu kwa sababu za kiuchumi zilizo wazi. Kinachoonekana ni kitu cha ndani zaidi, nacho ni namna ya kumtazama mwananchi. Idara ya Maendeleo ya Jamii ilimzoesha mtumishi wake kumwona mtu wa shamba kama mwanafunzi: mwema, mwenye uwezo, lakini anayehitaji kuongozwa asije akaumia. Mtazamo huo ulikuwa na upendo wa kweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari yake, kwa kuwa anayeamini kwamba anafundisha huchelewa kusikia anapokataliwa.

Songea yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Wanakijiji wa Litowa na wenzao walikuwa wamejenga tangu miaka ya mwanzo ya uhuru Chama cha Maendeleo Ruvuma, muungano wa zaidi ya vijiji kumi vilivyojiendesha kwa hiari na kwa uamuzi wa wanachama, ambavyo Nyerere alivitazama kama kielelezo cha ujamaa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, Kawawa akiwa miongoni mwa viongozi wa juu wa chama hicho, ilikivunja chama hicho na kukabidhi shughuli zake kwa TANU. Watu wa Songea waliokuwa wamelitafutia jibu lao wenyewe suala la kuhama na kunyonywa waliondolewa kwenye nafasi ya walimu na kurudishwa darasani.

Filamu zilizofuata zilimtazama mwanakijiji kwa jicho jingine. Katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 mgonjwa wa mjini anapelekwa kwa mganga, na ujuzi wa jadi unachukuliwa kwa uzito. Mama Tumaini ya mwaka 1986, aliyoshiriki kuiongoza Martin Mhando, inamweka mtaalamu wa kigeni wa maendeleo mahali pa anayepaswa kuchunguzwa. Hapo ndipo mwongozaji Mtanzania anapoanza kuonekana kama mwenye sauti yake. Filamu za video za biashara zilizofurika baada ya mwaka 2000 zilimrudisha mshamba wa kuchekesha, safari hii bila serikali nyuma yake, na akapokelewa kwa shangwe kama zamani.

Kawawa alikuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi tangu 1982 hadi 1990. Jina la heshima lililodumu naye uzeeni lilikuwa Simba wa Vita. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009 katika hospitali ya Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 83. Hakurudishwa Songea. Alizikwa Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako alikuwa na shamba lake.